Sahani ya Runazi na Darasa la Moshi: Tafiti za Vijidudu wa Utumboni Zinatufundisha Nini?

Na Mwandishi Wetu

Mwanzoni mwa mwaka 2025 jina la Biharamulo lilisikika duniani kote kwa sababu ya kirusi. Tarehe 20 Januari, Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, alitangaza kuthibitika kwa ugonjwa wa Marburg wilayani humo, na tarehe 13 Machi Serikali ikatangaza kuwa mlipuko huo umekwisha. Katika majuma hayo machache wananchi walishuhudia kwa uchungu namna kiumbe kisichoonekana kwa macho kinavyoweza kuondoa uhai wa watu.

Mwezi uliofuata, Aprili 2025, jarida la kisayansi la Nature Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika mkoani Kilimanjaro. Habari yake haikuwa na kishindo cha Marburg, wala haikuhitaji vizuizi barabarani. Hata hivyo, inamhusu kila mkazi wa Biharamulo, ikiwemo Kata ya Runazi, pengine kwa muda mrefu zaidi kuliko mlipuko wowote. Utafiti huo ulionesha kuwa kubadili chakula kwa majuma mawili tu kunatosha kubadili mwenendo wa kinga ya mwili wa kijana mwenye afya.

Makala haya yanafafanua watafiti wa Tanzania walivyofikia matokeo hayo, yanamaanisha nini kwa kata ya vijijini kama Runazi, na wapi msomaji anapaswa kuwa mwangalifu asiyape uzito usio wao.

Jamii kubwa ndani ya mwili

Makadirio ya kisayansi yanayotumika zaidi hivi sasa yanasema kuwa mtu mzima hubeba bakteria wapatao trilioni 38, idadi inayokaribiana na ile ya seli za mwili wake mwenyewe. Wengi wao wanaishi katika utumbo mpana. Jamii hiyo ya bakteria, fangasi na viumbe wengine wadogo ndiyo ambayo wanasayansi huiita maikrobayomu ya utumbo.

Kwa lugha nyepesi, hawa ni wapangaji wanaolipa kodi. Chakula kinapofika katika utumbo mpana, kile ambacho mwili umeshindwa kukisaga, hususan makapimlo, yaani nyuzinyuzi zilizomo katika maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, huwa ndicho mlo wao. Bakteria huchachusha makapimlo hayo na kutoa asidi ndogondogo, ikiwemo butireti, ambayo ni chanzo kikuu cha nishati kwa seli zinazotandaza ukuta wa utumbo mpana. Ukuta huo ukiwa imara, kinga ya mwili hutulia. Ukidhoofika, kinga huweza kuwa katika hali ya tahadhari muda wote, hata pasipo adui. Hali hiyo huitwa mchochota, na ikidumu kwa miaka mingi huhusishwa na kisukari, magonjwa ya moyo na magonjwa mengine yasiyoambukiza.

Kwa hiyo, swali kuhusu kinachowalisha vijidudu hawa linagusa afya ya taifa moja kwa moja.

Kutoka Mulago hadi Moshi

Afrika Mashariki haikuanza leo kuchangia jibu la swali hilo. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi nchini Uganda kwa takriban miaka 20 kuanzia 1946, sehemu kubwa ya muda huo akiwa katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala. Dunia inamkumbuka kwa aina ya saratani ya watoto iliyopewa jina lake. Hata hivyo, baada ya kurejea Uingereza alijikita katika jambo jingine. Alijiuliza kwa nini magonjwa kadhaa ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza, ikiwemo saratani ya utumbo mpana, yalikuwa nadra kwa wagonjwa wa vijijini aliowahudumia Afrika. Katika miaka ya 1970, yeye na wenzake walilinganisha uzito wa choo na muda ambao chakula huchukua kupita mwilini, wakahitimisha kuwa tofauti kubwa ilikuwa katika makapimlo.

Burkitt aliona matokeo, lakini hakuwa na vifaa vya kuona wafanyakazi waliomo ndani. Teknolojia ya kusoma vinasaba vya bakteria moja kwa moja kutoka katika sampuli ya choo ilikuja miongo kadhaa baadaye, na ndipo kizazi kipya cha watafiti kilipoingia. Safari hii Watanzania wako mstari wa mbele.

Miongoni mwao ni Dkt. Godfrey Temba wa Chuo Kikuu cha KCMC mjini Moshi. Kazi yake ya utafiti imejengwa katika ushirikiano kati ya Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu Kilimanjaro na Kituo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Radboud kilichopo Nijmegen, Uholanzi, akishirikiana na watafiti wenzake wakiwemo Dkt. Vesla Kullaya, Profesa Blandina Mmbaga na Profesa Quirijn de Mast. Machapisho ya kundi hilo yanaonesha jinsi swali moja linavyoweza kufuatiliwa hatua kwa hatua kwa miaka mingi.

Hatua ya kwanza ilikuwa kulinganisha. Watafiti waliwachunguza Watanzania 323 wenye afya njema, baadhi wakiishi mjini na wengine vijijini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Immunology yalionesha kuwa damu ya wakazi wa mjini ilikuwa na dalili kubwa zaidi za mchochota, na kwamba sehemu ya tofauti hiyo ilielezwa na viambata vinavyotokana na chakula. Ikumbukwe kuwa washiriki hao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa watu wanaokwenda kazini na shambani kama kawaida, huku miili yao ikiwa tayari imeanza kutofautiana.

Mwaka huohuo, utafiti mwingine uliochapishwa katika Nature Communications uliwatazama vijidudu wa utumboni wa washiriki hao. Ulibainika mteremko: kutoka kijijini, kupitia mjini, kuelekea hali inayoonekana Ulaya. Wakazi wa vijijini walikuwa na wingi wa bakteria waitwao Prevotella copri, ambao mara nyingi huhusishwa na ulaji wa vyakula vya mimea vyenye makapimlo mengi. Aidha, watafiti walibaini aina 34 za vijidudu zilizohusiana na namna kinga ya mwili inavyojibu mashambulizi.

Ulinganisho, hata hivyo, una udhaifu wake. Mkazi wa mjini na mkazi wa kijijini hawatofautiani kwa chakula pekee. Hutofautiana pia kwa kazi, usingizi, moshi wa magari, maji wanayotumia na mengineyo. Ili kujua kama chakula chenyewe ndicho kinacholeta tofauti, ilikuwa lazima kukibadilisha kwa makusudi na kupima.

Majuma mawili ya kubadilishana sahani

Hicho ndicho kilichofanyika katika utafiti wa mwaka 2025. Vijana wa kiume 77 wenye afya, kutoka mijini na vijijini mkoani Kilimanjaro, walishiriki. Kundi moja lililozoea vyakula vya asili lilihamishiwa kwenye mlo wa mtindo wa Kimagharibi kwa majuma mawili. Kundi jingine lilifanya kinyume chake. Kundi la tatu lilikunywa mbege, kinywaji cha asili cha Wachaga kinachochachushwa kutokana na ndizi na ulezi, kwa juma moja. Wengine wachache waliendelea na mlo wao wa kawaida ili kuwa kipimo cha kulinganishia.

Waliohama kutoka mlo wa asili walionesha mabadiliko katika njia za kikemikali za mwili zinazohusishwa na magonjwa yasiyoambukiza. Dalili za mchochota ziliongezeka, na seli zao za damu zilipungua uwezo wa kujibu vijidudu zilipojaribiwa maabara. Kwa upande mwingine, waliorejea kwenye mlo wa asili, pamoja na waliokunywa mbege, kwa sehemu kubwa walionesha mchochota kupungua. Vipimo vilivyorudiwa baada ya majuma manne vilibaini kuwa baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yapo.

Matokeo hayo hayasimami peke yake. Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Profesa Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, ilichapisha jaribio lililofanana na hilo, ambapo Wamarekani weusi 20 na wakazi 20 wa vijijini Afrika Kusini walibadilishana aina ya mlo kwa majuma mawili. Waliopewa makapimlo mengi walizalisha butireti zaidi, na waliopunguziwa walizalisha pungufu, huku viashiria vya hatari ya saratani ya utumbo mpana vikibadilika kufuata mlo.

Tanzania pia ina shahidi mwingine. Jamii ya Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi imechunguzwa na watafiti wa kimataifa kwa zaidi ya muongo mmoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Science ulionesha kuwa vijidudu wao wa utumboni hubadilika kufuata majira: baadhi ya makundi hupungua kiasi cha kutoonekana msimu mmoja na kurejea msimu mwingine, sambamba na chakula kinachopatikana porini. Mwaka 2023 utafiti mwingine katika jarida la Cell ulikadiria kuwa Mhadzabe mmoja hubeba kwa wastani spishi 730 za vijidudu utumboni, ilhali mkazi wa California alikuwa na 277.

Funzo linalojitokeza ni la pande mbili. Utajiri ulio tumboni mwa mkazi wa kijijini unaweza kuanza kuyeyuka kwa muda mfupi sana. Lakini pia, njia ya kurudi bado ipo.

Maana yake kwa Runazi

Runazi iko mbali na maabara za Moshi. Wananchi wake, kama ilivyo sehemu kubwa ya Biharamulo na Ngara, hutegemea kilimo cha mahindi, maharage, muhogo na ndizi. Kwa vigezo vya tafiti zilizotajwa hapo juu, kaya inayokula ndizi na maharage, mboga za majani, muhogo na uji wa mtama au ulezi tayari inakula kile ambacho watafiti walilazimika kuwarejeshea vijana wa mjini.

Hata hivyo, mazingira yanabadilika. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, takriban asilimia 35 ya Watanzania wanaishi mijini, na vituo vya biashara vijijini vinakua kila mwaka. Barabara ya Lusahunga hadi Rusumo inayopita wilayani humo hupitisha malori yaendayo Rwanda na Burundi, na barabara hizohizo huleta dukani soda, biskuti, unga mweupe na mafuta ya kupikia ya bei nafuu. Maendeleo hayo ni mema na hakuna anayepaswa kuyapinga. Hoja ni kwamba mabadiliko ya sahani hayasubiri kijiji kiwe mji.

Mfano ulio wazi ni unga wa mahindi. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe, ganda na kiini huondolewa, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya makapimlo na baadhi ya vitamini. Dona huvibakiza. Mahindi ni yaleyale, shamba ni lilelile, na mashine mara nyingi ni ya kijiji kilekile. Tofauti ni uamuzi unaofanyika mlangoni pa mashine ya kusaga. Vivyo hivyo kwa maharage: kaya inayouza mavuno yote ili kupata fedha, kisha ikanunua maandazi na soda kwa ajili ya watoto, imefanya biashara ambayo hesabu yake haionekani kwenye daftari.

Hesabu hiyo huonekana miaka mingi baadaye, pale mzazi anapoanza kuhudhuria kliniki ya kisukari au shinikizo la damu kila mwezi. Magonjwa haya hayaishi kwa dozi moja. Kwa mkulima anayelazimika kupanda gari kufuata dawa, gharama yake ni nauli, siku za kazi zinazopotea na wakati mwingine sehemu ya shamba inayouzwa. Ndiyo maana kwa kata ambayo bado haijapoteza chakula chake cha asili, kinga ni nafuu kuliko ilivyo kwa jiji linalojaribu kukirejesha.

Mambo yasiyopaswa kupotoshwa

Uchambuzi wa haki unalazimika kueleza pia mipaka ya tafiti hizi. Kwanza, washiriki wa jaribio la 2025 walikuwa vijana wa kiume wenye afya. Wanawake, watoto na wazee hawakuwemo, na washiriki walitoka Kilimanjaro, si Kagera. Majuma mawili yanaonesha mwelekeo wa mwili. Hayathibitishi kwamba mtu ataugua au atapona. Mgonjwa wa kisukari asiache dawa alizoandikiwa kwa sababu amerejea kula maharage.

Pili, mbege ina kilevi, kama ilivyo kwa rubisi inayotengenezwa mkoani Kagera kutokana na ndizi na mtama. Watafiti walipima kiasi maalumu kwa muda maalumu. Matokeo yao si kibali cha ulevi, wala hayamhusu mama mjamzito au mtoto. Faida ya uchachushaji inaweza kutafutwa pia katika maziwa mgando na togwa ambayo haijageuka kuwa pombe.

Tatu, wingi wa vijidudu tumboni haumaanishi kuwa uchafu ni afya. Vimelea vya kuhara na minyoo huudhuru utumbo wa mtoto na kuuzuia kufyonza virutubishi. Maji safi, choo bora na kunawa mikono kwa sabuni vinabaki kuwa msingi, na tukio la Marburg limekumbusha umuhimu huo kwa namna isiyosahaulika.

Nne, chakula cha asili si lazima kiwe mlo kamili. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano wana udumavu, na Kagera ni miongoni mwa mikoa iliyo juu ya wastani huo, pamoja na kwamba ni mkoa wenye chakula kingi. Mtoto anayeshibishwa ndizi au ugali wa muhogo bila maharage, dagaa, yai, maziwa au mboga ameshiba, lakini hajalishwa. Utajiri wa mlo wa asili upo katika mchanganyiko wake, na mchanganyiko huo ndio unaopotea kwanza kaya inapobanwa na muda au fedha.

Nafasi ya sera na ya wananchi

Misingi ya kufanyia kazi funzo hili tayari ipo. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria tangu mwaka 1973, na Mpango Jumuishi wa Pili wa Taifa wa Lishe wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 unashughulikia kwa pamoja udumavu, upungufu wa vitamini na madini, pamoja na uzito uliozidi na magonjwa yasiyoambukiza. Kupitia mikataba ya lishe ambayo wakuu wa mikoa wametia saini, halmashauri zinatakiwa kutenga fedha kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka mitano na kuendesha Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji.

Maeneo manne yanastahili kupewa uzito katika ngazi ya kata. La kwanza ni chakula cha shule. Pale wazazi wanapochangia mahindi na maharage, kamati ya shule inaweza kuamua yasagwe dona na kwamba bustani ya shule itoe mboga. La pili ni unyonyeshaji. Maziwa ya mama yana aina ya sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga. Kazi yake ni kulisha bakteria wema wa utumbo mchanga. Takwimu za mwaka 2022 zinaonesha kuwa asilimia 64 ya watoto chini ya miezi sita hunyonyeshwa maziwa ya mama pekee, hivyo bado zaidi ya theluthi moja wanakosa mwanzo huo.

La tatu ni matumizi ya dawa. Antibiotiki huokoa maisha zinapotumika kwa ushauri wa mtaalamu, lakini haziwezi kubagua bakteria mbaya na mwema. Kununua vidonge viwili vitatu dukani kwa kila mafua hujeruhi jamii ya vijidudu wa utumboni na huchochea usugu wa vimelea dhidi ya dawa, tatizo ambalo Wizara ya Afya imekuwa ikilielimisha umma.

La nne ni utafiti wenyewe. Sampuli nyingi za Watanzania zimesomwa katika maabara za ng'ambo kwa kuwa mashine na wataalamu wapo huko. Taratibu za kitaifa za maadili ya utafiti, zinazosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, zinalinda haki ya mshiriki kuelezwa na kuridhia. Hata hivyo, kinga bora zaidi ni kuwa na watafiti wengi wa nyumbani wenye uwezo wa kuuliza maswali yanayotoka katika maisha yetu. Swali kuhusu mbege lisingeulizwa kirahisi na mtu asiyeijua mbege. Kagera nayo ina mseto wake wa ndizi, maharage, mtama, muhogo na samaki wa Ziwa Victoria, na inastahili kuwa na watafiti wake watakaoupima.

Wakati tafiti hizo zikisubiriwa, mwananchi wa Runazi halazimiki kusubiri mashine ya kusoma vinasaba. Katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ijayo, wazazi wanaweza kumuuliza mhudumu wa afya ngazi ya jamii namna ya kuchanganya mlo wa mtoto kwa vyakula walivyonavyo. Wakati wa mavuno, kaya inaweza kutenga magunia ya maharage ya kula kabla ya kupatana bei na mnunuzi. Na kamati ya shule inaweza kuweka ajenda ya dona katika kikao chake cha kwanza cha muhula. Uamuzi wa aina hiyo hufanyika kijijini, na sayansi iliyofanyika Moshi inaonesha kuwa mwili huanza kuuitikia ndani ya majuma mawili.